Picha ya Upande

"Huo mto siufungi, mama. Niseme kwa lugha gani?"

"Sema kwa lugha uitakayo, ila ujue mpiga picha yuko barazani na chai yake inaisha."

Mama mkwe alisimama katikati ya chumba, mto mikononi, kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike na hajui amweke wapi. Ulikuwa mto wa kochi. Alikuwa ameupunguza sufi, akaushonea kamba mbili za kufungia kiunoni, na kazi yote hiyo aliifanya jana kwa mkono, mlango umefungwa, mkaza mwanawe akiwa kazini. Sasa huyo mkaza mwana aliutazama, na hata katika hasira ile jicho lake la kazi halikukubali kunyamaza.

"Tena ungeniambia mapema, ningekukatia mimi. Fundi wa nyumba hii ni nani? Tumbo gani hilo lina pembe nne?"

Wifi yake, aliyekaa ukingoni mwa kitanda na gauni pana mapajani, alicheka. Mama yake akamgeukia. Kicheko kikarudi kilikotoka.

"Cheka," mama alisema. "Siku kaka yako akitupwa ndani, ndipo utacheka vizuri."

Mkaza mwana huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa na cherehani mbili na meza ya kukatia nguo katika chumba kimoja kando ya barabara, na tepu haikumtoka shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Mumewe naye alimwita hivyohivyo, ila yeye aliongeza neno moja: Fundi wangu. Mambo yao yalianza na suruali. Kijana alileta suruali ipunguzwe urefu. Baada ya siku tatu akarudi: imekuwa fupi, ishushwe. Wiki iliyofuata kiuno kilibana. Iliyofuata kikapwaya. Mara ya tano Fundi aliiweka ile suruali mezani, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa akimpima.

"Kaka, mwili wako ni wa namna gani huu?"

"Mwili hauna neno," kijana alijibu, macho yake hayajabanduka machoni pake. "Tatizo ni miguu. Ikitoka nyumbani inakuja huku yenyewe."

Mwaka haukwisha wakaoana.

Miezi minne na nusu iliyopita miguu hiyohiyo ilipanda lori la jeshi kwenda mafunzoni. Mafunzo ni ya miezi sita. Kuruta haruhusiwi simu. Kila baada ya Jumapili mbili hupewa simu ya mkufunzi kwa dakika mbili, apige namba moja tu, ile aliyoiandika kwenye fomu siku ya kwanza, na namba hiyo haibadilishwi. Siku ya fomu simu ya Fundi ilikuwa kwa mtengenezaji, imeingia maji. Mumewe akaandika namba ya mama yake. Hakuona ubaya. Nyumba si moja? Mama ni mama.

Alimwacha mkewe na mimba ya miezi miwili.

"Kaa tuzungumze," mama mkwe alisema sasa, akilegeza sauti. "Kaa, mwanangu."

"Nimesimama vizuri."

"Haya simama. Mimi nakuuliza, tulikubaliana nini?"

"Wewe ulikubaliana na nani, mama? Mimi nilikuwa kitandani hospitali. Nilikuwa sijakauka machozi."

Hilo lilikuwa kweli. Mimba ilimtoka siku ya Jumanne, kazini, mguu ungali kwenye cherehani. Muuza vifungo wa chumba cha pili ndiye aliyemkimbiza hospitali na ndiye aliyemshika mkono. Jioni mama mkwe alifika. Fundi alimwona akiingia mlangoni na mtandio wake wa kijivu, na moyo ukamfunguka. Akanyoosha mikono kama mtoto. Mama mkwe alisimama miguuni pa kitanda. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu asijue."

Si pole. Si umeumia wapi. Mwanangu asijue.

"Unajua kwa nini nilisema vile," mama mkwe alisema, kana kwamba amesoma mawazo yake. "Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa kambini kama huyu. Wakamwandikia mtoto wake amekufa. Siku ya pili alfajiri akaruka ukuta. Walimkamata hata mji hajafika. Akafungwa miaka miwili, na aliyetoka humo hakuwa yule aliyeingia. Mpaka anakufa alikuwa akisikia filimbi anajificha chini ya meza. Nilikuwa nikimvuta miguu mimi. Mimi huyu."

Wifi alikunja gauni, akalikunjua.

"Pole, mama," Fundi alisema, na alimaanisha. "Lakini mume wangu si mjomba wake."

"Wewe umeishi naye miaka mitatu. Mimi nimemzaa. Yule ana moyo wa karatasi. Akisikia tu, ataruka."

"Basi mngeniacha nimwambie mimi mwenyewe, kwa maneno yangu."

"Kwa dakika mbili?"

Jumapili ya kwanza baada ya hospitali, simu ilipolia, mama mkwe ndiye aliyepokea, akawasha kipaza sauti. "Mkeo hajambo, na huyo mwingine hajambo," alisema upesi, kisha akamkabidhi mkaza mwanawe simu, na kidole chake kikabaki hewani mbele ya uso wa Fundi kama cha mwalimu. Sauti ya mumewe ilitoka imekauka kwa vumbi na kelele za kupiga kwata, lakini ilikuwa inacheka. "Fundi wangu. Ameanza kucheza?"

Mama mkwe na wifi walikuwa wakimtazama. Nyuma ya sauti ya mumewe mtu alikuwa akihesabu sekunde.

"Anacheza," Fundi alisema.

Tangu siku ile amelisema mara nne, na kila mara limemkata mahali palepale. Ukisema uongo mara moja, unaweza kulaumu hofu. Mara ya nne huna wa kumlaumu. Na mchana, wateja wakiondoka, alikuwa akiegemeza kichwa juu ya cherehani na kujiuliza yeye ni mwanamke wa namna gani, anayecheka kwenye simu na maziwa yamemjaa kifuani hana wa kumpa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Yeye ndiye mfiwa, na alikatazwa kuanza.

Kisha juzi ikaja barua. Ililetwa na Koplo, dereva wa lori la kambini, ambaye nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili. Amekuja kwa siku tatu kumwona mamake, na leo saa nane mchana anarudi. Barua ilipita pembeni mwa fomu, pembeni mwa namba, pembeni mwa kipaza sauti. Ilikuwa ya kwanza kuja kwake peke yake, na Fundi alikosea jambo moja: aliisoma sebuleni.

Wifi mtu akaichungulia begani. Jioni nyumba nzima ilikuwa inajua kilichoandikwa.

*Fundi wangu,* mumewe aliandika, *huku hakuna anayenijua kwa jina. Mkufunzi alisikia nikimsimulia mwenzangu, na sasa bweni zima linaniita Baba Kijacho. Nikichelewa mstarini, wanasema mwacheni, mjamzito huyo. Nimejifunza kushona. Nimeshona vifungo vyangu mwenyewe na vya wenzangu sita. Ungeviona ungevifumua vyote. Usiku nikilala najipimia tumbo langu kwa viganja, nakisia lako limefika wapi. Kila mtu hapa ana sanduku la chuma, na ndani ya kifuniko tunaruhusiwa kubandika picha moja tu. Changu kitupu. Sikutaka picha ya zamani. Nipigie mpya, usimame upande, nione alivyokua. Mpe Koplo.*

Hapo ndipo mto ulipozaliwa.

"Sasa Koplo atapeleka nini?" mama mkwe aliuliza. "Asipopata picha, atajua. Akipata uliyosimama mbele, atauliza kwa nini si upande. Maji umeshayavulia nguo, mwanangu, yaoge. Ni wiki sita tu zimebaki."

"Na baada ya wiki sita?"

"Baada ya wiki sita yuko nyumbani, mikononi mwetu. Tutamwambia taratibu."

"Tutamwambia nini, mama? Kwamba tulimchekesha miezi miwili?"

Mama mkwe aliutazama mto, akanyoosha kamba moja. Ni wifi aliyejibu, kwa sauti ya kutaka kusaidia, nayo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Hapana, wifi, si hivyo. Mama ameshafikiria. Tutasema imetokea juzijuzi. Yaani kabla tu hajafika. Hapo hatakuwa na la kulaumu, na wewe hutaonekana mwongo."

Fundi aligeuka polepole.

"Imetokea juzijuzi," alirudia.

"Ni maneno tu," mama mkwe alisema.

"Kwa hiyo mnanitaka nilale tena kitandani. Nilie tena. Watu waje, niseme ilikuwa asubuhi, ilikuwa hivi na hivi, na mume wangu anikumbatie anilie kwa siku ambayo haipo." Hakupaza sauti. "Mnataka mtoto wangu afe mara mbili."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Ile mara ya kwanza hamkuja kulia. Hii ya pili mtakuja, maana mtakuwa mmejiandaa."

"Wewe binti, chunga mdomo wako. Mimi nahangaika kumlinda mumeo."

"Unamlinda na nini? Na mimi?"

Mama mkwe alikaa kitandani kwa uzito, mto juu ya mapaja, na kwa muda mfupi alionekana mzee. "Ukishazaa," alianza, kisha akalisikia neno lenyewe na kulikatiza. Lilikuwa limeshatoka. Wifi aliinamisha kichwa.

Fundi aliitoa tepu shingoni. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Aliketi mbele ya kioo, akafunga nywele zake, akajipaka mafuta mdomoni kidogo kwa sababu mdomo ulikuwa mkavu. Kisha akavaa gauni lake la buluu, la kubana, alilolishona mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Kiunoni lilimwingia bila shida. Halikuwa limemwingia tangu mwezi wa pili wa mimba, na sasa zipu ilipanda hadi juu kwa mkono mmoja.

"Unakwenda wapi na gauni hilo?" mama mkwe aliuliza.

"Kupigwa picha. Si mpiga picha anasubiri?"

Mpiga picha alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, ndiye aliyewapiga siku ya ndoa yao. Kikombe chake kilikuwa kitupu, na kwa jinsi alivyokitazama kwa makini, ilionekana kuta za nyumba ile hazikumficha kitu.

"Umesikia yote?" Fundi alimuuliza.

"Mimi ni mpiga picha, mama. Kazi yangu ni macho." Alikohoa. "Nimewapiga maharusi walionuniana tangu asubuhi. Nimempiga mtu na gari la jirani yake. Mto bado."

"Wala leo hutampiga mtu na mto. Nisimame wapi?"

"Hapo ukutani, mwanga mzuri. Nigeukie."

"Hapana. Upande."

Mpiga picha alishusha kamera. Nyuma yake mlango ulikuwa umefunguka, na mama mkwe alisimama kizingitini, mkono kifuani.

"Upande," Fundi alisema tena. "Ndivyo alivyoomba."

Aligeuka, bega kwa kamera, mikono ikining'inia, akautazama mwisho wa barabara. Hakuvuta tumbo ndani wala hakulisukuma nje. Alisimama tu, kama anavyosimama mteja anayepimwa, anayejua kwamba vipimo havibembelezwi. Kamera ililia mara moja.

"Nyingine ya akiba?"

"Moja inatosha. Wanaruhusiwa moja."

Mashine ndogo ya kuchapia ilikuwa kwenye mkoba wake; picha ilitoka ingali vuguvugu. Fundi aliipepea ikauke, akaiweka kifudifudi kwenye kibao cha baraza, akaomba kalamu. Aliandika akiwa amepiga magoti. Mama mkwe alikuwa akimwita kutoka mlangoni, mara kwa jina la mwanangu, mara kwa jina la binti, lakini Fundi hakuinua kichwa. Maneno hayakuwa mengi, maana nafasi yenyewe ilikuwa kiganja kimoja. Akatia picha katika bahasha, akaifunga kwa ulimi.

"Akiruka ukuta," mama mkwe alisema, sauti imepasuka, "akikamatwa, akifungwa, mlango huu usiujue tena."

"Nimekusikia, mama."

Akashuka ngazi.

Mtaa wa pili ulikuwa mwendo wa dakika tano. Fundi alitumia tatu. Lori lilikuwa limegeuzwa kichwa tayari, na Koplo alikuwa akifuta kioo kwa kitambaa. Alikuwa kijana mnene wa tabasamu la haraka.

"Shemeji. Umeleta picha ya Baba Kijacho? Bweni zima limeniagiza, nisiporudi nayo watanipindua na lori."

Fundi hakujua angeanzia wapi, kwa hiyo alianza na jambo lenyewe.

"Mtoto hayupo, kaka. Alitoka, wiki tisa sasa. Mwenzako hajui. Tulimdanganya, na mimi nilidanganya pamoja nao."

Tabasamu liliondoka usoni mwa Koplo kama taa iliyozimwa. Alivua kofia.

"Sasa nisikilize," Fundi aliendelea, "maana nimebakiza nguvu kidogo. Usimpe mstarini. Usimpe mbele ya wale wa bweni. Mpe akiwa na wewe peke yako, umwambie akae chini kwanza. Akisoma, usimwache. Nenda naye chooni, nenda naye bombani, lala mlangoni pake kama ni lazima. Mjomba wake aliruka ukuta. Akitaka kuruka, mkalie."

"Nitamkalia," Koplo alisema. "Uzito huo ninao." Hakuna aliyecheka.

"Na kwa mkufunzi wake je, unaweza kusema neno?"

"Mkufunzi ana watoto. Nitamwambia."

"Mwambie amruhusu apige simu. Si ile namba ya fomu. Nimeandika yangu juu ya bahasha."

Koplo aliichukua bahasha kwa mikono miwili. Ndipo waliposikia ndala zikipiga chini kwa mbio. Mama mkwe alikuwa anakuja katikati ya barabara, mtandio umemtoka kichwani, kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiona kwa miaka mitatu. Koplo alipanda akaketi kwenye usukani, kama mtu anayetafuta mahali salama. Mama mkwe alifika akashika mlango wa lori kwa mkono mmoja, akihema.

"Umeandika nini?" alimuuliza mkaza mwanawe. "Niambie tu umeandika nini."

"Nimeandika siku yenyewe. Nimeandika kwamba aliyekuwa akisema anacheza ni mimi, nanyi wengine asiwagombeze. Nimeandika alikuwa wa kike."

Macho ya mama mkwe yalikwenda kwenye uso wa Fundi, yakashuka, yakapanda tena, kama mtu anayetafuta mahali alipopoteza kitu.

"Wa kike," alisema.

"Nesi alinionyesha. Alikuwa amekamilika vidole."

"Hukuniambia alikuwa wa kike."

"Hukuuliza, mama. Wiki tisa, hakuna mtu wa nyumba ile aliyeniuliza."

Mwanamke mzee aliegemeza paji la uso kwenye mlango wa lori, na Fundi alijua kwamba kama angemnyooshea mkono sasa, wangelia pamoja, na bahasha ingerudi nyumbani nao. Alitamani sana kulia na mtu. Mkono wa mama huyo aliutamani kwa wiki tisa.

Injini iliwaka.

"Shemeji," Koplo alisema kutoka juu, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nina saa ya kuripoti. Niende nayo au niiache?"

Mama mkwe alikuwa bado ameshika mlango. Fundi aliushika mkono huo, akavitoa vidole vyake juu ya chuma kimoja kimoja, taratibu, bila kumuumiza.

"Nenda nayo," alisema.

Lori likaondoka.